Ufunguo Hausafiri

Ibara ya sitini na moja haikuwa na kwao. Nyingine zote mia moja na moja za rasimu ile ya katiba zilikuwa na kwao, tena kwa maandishi: arobaini na tatu zilitoka kwa waliotutawala zamani, ishirini na tisa kwa taifa kubwa lililotupa kompyuta za ofisi, kumi na nane kwa jamhuri moja ya milimani, na kumi na moja zilizobaki ziliokotwa huku na huko. Nchi zenyewe sizitaji, zisije zikatudai chao.

Kazi ya kuziandikia ibara kwao ilikuwa ya mwanasheria mmoja wa serikali, daraja la pili, mwenye miaka kumi na mmoja kazini na suti mbili. Ofisini walimwita Wakili. Kwenye jengo alilokaa na familia yake aliitwa Baba Pacha, na huko ndiko alikoheshimika zaidi. Alikuwa ametengeneza Jedwali la Vyanzo, karatasi pana zenye safu nne: nambari ya ibara, inahusu nini, imetoka nchi gani, na huko ilikotoka ni ibara ya ngapi. Agizo la Mkurugenzi wa Uandishi wa Sheria lilikuwa fupi: ibara isiyo na chanzo ifutwe.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi alilipitia jedwali kwa ncha ya kalamu, safu kwa safu, mpaka kalamu ikasimama.

"Sitini na moja. Mbona hapa peupe?"

"Nilikuwa bado naitafutia, Mkuu."

"Unaitafutia nini? Si wewe uliyeiandika? Uliinakili wapi?"

Wakili alijikuna kichwa pasipowasha. Ibara yenyewe ilihusu safari za kiongozi wa nchi. Ilisema kwamba Rais akiwa nje ya nchi kwa zaidi ya siku tatu, madaraka hayasafiri naye. Yatabaki kwa Makamu wake, na Rais akirudi atayaomba mbele ya Bunge lililokutana, ndipo arudishiwe.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili akiinua nyusi. "Nzuri hii. Imekomaa. Huwezi kunidanganya kwamba umeitunga mwenyewe."

"Siwezi, Mkuu."

"Basi kesho saa nne nataka jina la nchi. Jumatatu Profesa, mshauri wetu kutoka nje, anaingia, na kitu cha kwanza atakachofungua ni jedwali. Akikuta tundu hata moja atasema hatuko makini." Akashusha sauti, jambo alilolifanya alipotaka kutisha. "Na unajua mradi huu ukiisha nabaki na wanasheria wawili, nanyi mko watatu. Wa tatu anakwenda ofisi ya kanda. Nyumba anairudisha ndani ya siku thelathini. Sipendi kuyasema haya, lakini ndiyo nimeshayasema."

Wakili alikunja jedwali lake taratibu, akatoka kinyumenyume hadi mlangoni, kama ilivyo desturi ya watu wa daraja la pili.

Jioni alimkuta mkewe akisahihisha madaftari juu ya meza ya kupigia pasi. Mama Pacha alikuwa mwalimu katika shule iliyotazamana na jengo lao. Akisimama dirishani ghorofa ya tatu aliweza kumwona mtoto aliyechelewa na kumtaja kwa jina. Pacha wenyewe walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, wakifanya hesabu za kugawanya na kugombania kifutio.

"Mama Pacha, kuna jambo."

"Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi kula kwanza."

Alikula, kisha akasema. Alieleza jedwali, nafasi tupu, saa nne, ofisi ya kanda. Alipofika kwenye ibara yenyewe, alisita, na mkewe akaweka kalamu nyekundu chini.

"Hebu rudia hapo. Madaraka hayasafiri?"

"Hayasafiri."

"Na akirudi anaomba mbele ya watu wote?"

"Mbele ya Bunge."

Mama Pacha alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani kanuni yangu ya tangi imeingia kwenye katiba ya nchi, nami sina habari!"

Kanuni ilikuwa yake kweli. Mwaka uliopita tangi la maji la jengo, lililofungwa kwa kufuli na kufunguliwa asubuhi na jioni, lilikuwa chini ya mwenyekiti wa wakazi. Mwenyekiti huyo hakuwa mwingine ila Mkurugenzi, aliyekaa mlango wa kwanza chini, penye veranda. Alipokwenda ng'ambo kwenye semina ya utawala bora, alikwenda na ufunguo ndani ya mfuko wa suruali. Familia ishirini na nne zilikaa siku tisa bila maji. Mama Pacha alipanda ngazi hamsini na mbili na ndoo kichwani, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na kila ngazi ilimpa neno la kuandika. Mkurugenzi aliporudi alikuta kikao uani. Kanuni ya Saba ikasomwa kutoka daftari jekundu la wakazi: mwenye ufunguo akisafiri, ufunguo hausafiri, utabaki kwa mlango unaofuata, na akirudi atauomba mbele ya wakazi wote. Mikono yote iliinuliwa isipokuwa mmoja, na katika safari yake iliyofuata ufunguo ulibaki mlango wa pili.

"Basi andika ukweli," alisema Mama Pacha. "Chanzo: jengo B, mlango wa tisa."

"Unataka tuhame?"

"Si ndiyo kweli?"

"Kweli hiyo Mkurugenzi akiiona, atafuta ibara na mimi atanifuta nayo. Yule mtu ukimtajia tangi tu anavimba shingo."

Mama Pacha aliwatazama watoto pale sakafuni. Alifikiria shule nyingine, mji mwingine, madirisha mengine yasiyotazamana na chochote. Akarudisha macho kwa mumewe.

"Andika unavyojua. Lakini usiniambie ni nchi gani. Sitaki kuichukia nchi ya watu bure."

Maktaba ya ofisi ilikuwa na katiba za dunia nzima, au zile ambazo mchwa hawakuzipenda. Ijumaa saa mbili asubuhi Wakili alikuwa amechuchumaa kwenye rafu ya chini, akitafuta nchi isiyo na mwenyewe. Akaipata. Ilikuwa nchi ya visiwa vidogo vya mbali sana. Kwenye ramani ya ukutani ilikuwa imefunikwa yote na kichwa cha pini. Kitabu chake kilianzia ibara ya themanini, mengine yote yamekwenda na mchwa. Mtu angetaka kuhakiki, angehakiki na nani?

Aliandika: Visiwa, ibara ya 34. Kisha akaona haya, akaifuta, akakumbuka sakafu na pacha wawili, akaiandika tena kwa wino mzito zaidi.

Mkurugenzi alifurahi hadi akampa mkono. "Unaona wenzetu! Watu hawajazi hata uwanja wa mpira, lakini akili ndiyo hiyo. Hapa kwetu nani angefikiria jambo kama hili?"

"Hakuna, Mkuu."

"Hakuna kabisa. Sisi tunajua kugombana tu."

Profesa alifika Jumatatu na miwani mitatu: mmoja wa kusomea, mmoja wa kutazamia watu, na mmoja uliokaa kichwani bila kazi. Hakujua lugha yetu, kwa hiyo kila neno lake lilipita mdomoni mwa Wakili, ambaye peke yake pale ofisini aliwahi kusomea lugha ya Profesa kwa miaka miwili. Waliketi watatu kwenye meza ndefu. Profesa alibadilisha miwani, akafungua jedwali, akateremsha kidole. Kidole kilipita hamsini, kikapita sitini, kikasimama.

Akasema neno moja tu, kwa mshangao.

"Anasema nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Anasema 'Visiwa'," Wakili alijibu.

Profesa alizungumza kwa muda, akipiga meza kwa furaha, na Wakili akatafsiri kama mshtakiwa anayesomewa hukumu kisha akatakiwa aisome mwenyewe kwa sauti. "Anasema Visiwa anavijua. Alikaa huko wiki sita akiwa mshauri wao. Anasema... anasema katiba ile aliiandika yeye."

Jasho jembamba lilimtoka Wakili na kushuka hadi kwenye soksi. Aliona masanduku. Aliona lori la kuhamia limeegeshwa uani na wakazi wamejipanga kuliangalia. Profesa naye alikuwa ameinua uso, anatazama dari, anakumbuka. Alikumbuka kwa muda mrefu sana, na uso wake ulipita mashaka, ukapita aibu kidogo, ukafika kwenye utulivu.

"Anasema ibara ya thelathini na nne anaikumbuka vizuri," Wakili alitafsiri, na sauti yake ikaanza kupata nguvu. "Anasema ndiyo iliyompa kazi kuliko zote. Waziri mmoja alitoka kikaoni kwa hasira, yeye akamfuata mpaka kituo cha basi akamrudisha."

"Maskini," alisema Mkurugenzi, akisikitika kwa dhati.

Wakili alimtazama yule mzee wa watu, na miwani yake mitatu na uongo wake mmoja. Maisha yake yote hakuwahi kumpenda mgeni kwa haraka namna ile.

Mapenzi hayo yalidumu hadi Jumatano. Jioni hiyo familia ilikuwa mezani na redio ikisoma habari, na msomaji akafika kwenye rasimu ya katiba. Alisema wataalamu wamevutiwa hasa na ibara ya sitini na moja kuhusu safari za Rais, wazo lililobuniwa na Profesa mwenyewe na kufanya kazi kwa mafanikio makubwa visiwani. Mkurugenzi akasikika akisema kwamba wananchi tunapaswa kujifunza kwa waliotutangulia.

Kijiko cha Mama Pacha kilibaki hewani.

"Nani kabuni?"

"Mama Pacha, ulisema usiambiwe nchi."

"Nchi sijauliza. Nimeuliza nani kabuni."

Pacha mmoja akauliza, "Mama, hilo si tangi letu?" na mwenzake akamfinya.

"Ngazi hamsini na mbili," Mama Pacha alisema. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu. "Siku tisa. Shingo iliniuma mpaka nikawa naandika ubaoni nimepinda. Profesa alibeba ndoo ngapi? Na huyo wa mlango wa kwanza, aliyesema kanuni yangu ni ya wanawake wasio na kazi, leo anatufundisha redioni tujifunze! Tujifunze kwa nani? Kwa suruali yake?"

"Ni kwa ajili ya nyumba hii, mke wangu. Ni kwa ajili ya hawa."

"Najua. Ndiyo maana sijapiga kelele." Aliinuka, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. "Ijumaa si siku ya wananchi kutoa maoni?"

"Ndiyo."

"Mimi si mwananchi?"

Swali hilo lilikuwa na jibu kwenye ibara ya tatu, na Wakili ndiye aliyeiandika.

Ukumbi ulijaa. Mezani walikaa Mwenyekiti wa Tume ya Katiba, jaji mstaafu mwenye usikivu mdogo na heshima nyingi, Mkurugenzi, Profesa, na Wakili pembeni na kipaza sauti cha mkalimani. Wananchi walipanga foleni. Mmoja alilalamikia barabara, mwingine alitaka katiba iseme kuhusu majirani wanaochoma takataka, na wa tatu alikuja kumsalimia jaji tu. Wa nne alikuwa Mama Pacha, amevaa gauni lake la sherehe za shule, daftari jekundu kwapani.

Mkurugenzi aliliona daftari. Shingo yake ikaanza kuvimba, ikafika kwenye kola, ikasimama hapo kungoja.

Mama Pacha alikuwa amejipanga kulifungua. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno atakayosema, na yalikuwa makali, na yote ni kweli. Lakini alipofika mbele alimwona mumewe kwenye kiti cha pembeni, na tai ambayo yeye mwenyewe aliifunga asubuhi huku hawasemeshani, imekaa upande. Mtu mzima, miaka kumi na mmoja ya kazi, anamtazama mkewe kama mtoto aliyevunja kikombe. Akamhurumia, na hasira yake haikupungua hata chembe. Vyote viwili alivisikia kwa pamoja. Akaliacha daftari lifungwe.

"Mimi ni mwalimu, nakaa nyumba za serikali," alisema. "Nina swali kwa Profesa. Huko visiwani, mkubwa akirudi kutoka safari halafu akaona aibu kuomba, inakuwaje?"

Wakili alitafsiri. Profesa alitabasamu, akajibu.

"Anasema haijawahi kutokea," alisema Wakili. "Viongozi wa kule ni wanyenyekevu."

"Imewahi kutokea."

"Anauliza wapi."

"Mahali ninapopajua. Mkubwa mmoja alirudi, watu wakamngoja aombe. Siku ya kwanza akapita uani anatazama mawingu. Siku ya pili akapita tena, mawingu yale yale. Kumwambia mtu 'naomba' kulimshinda, kana kwamba neno lenyewe linatozwa kodi. Wote tukabaki tunaangalia mawingu naye."

Ukumbi uliangua kicheko. Mkurugenzi naye alicheka, akiwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza.

"Kwa hiyo napendekeza iongezwe," Mama Pacha aliendelea. "Asipoomba ndani ya siku saba, ihesabiwe kazi haitaki, apewe mwingine."

Watu walipiga makofi mpaka jaji mstaafu akasikia. Aliinama kwenye kipaza sauti. "Mama, wazo zuri sana hili. Limetoka nchi gani, tuliandike kwenye jedwali?"

Wakili alifumba macho. Mkurugenzi alikuwa akilitazama daftari jekundu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alionekana kama mtu anayeomba.

"Liandikeni la Profesa," alisema Mama Pacha. "Ameshazoea."

Hilo nalo lilibidi litafsiriwe. Wakili alilitafsiri lote, neno kwa neno, akitazama glasi yake ya maji. Profesa alisikiliza, akasimama, akamwinamia Mama Pacha kwa heshima kubwa.

"Anasema asante," alisema Wakili. "Anasema hata hilo waliwahi kulifikiria."

Ibara ilipita pamoja na nyongeza yake, wajumbe wote wakiunga mkono.

Jumatatu Mkurugenzi alifunga mlango wa ofisi yake kwa ufunguo, akauweka ufunguo mezani kati yake na Wakili, akautazama kwa chuki.

"Ni ile ya tangi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Umechukua suruali yangu ukaiingiza kwenye katiba ya nchi."

"Suruali haikutajwa, Mkuu."

"Mimi nimeiona! Ibara nzima nimeisoma mara mbili, nikaisifu, nikaisifu mpaka redioni!" Alizunguka meza. "Nikiifuta, Tume itaniuliza sababu. Nikitoa sababu, natoa suruali. Kwa hiyo ibara itakaa. Lakini wewe hutakaa." Akamsukumia bahasha. "Ofisi ya kanda. Siku thelathini."

Ndivyo karani wa nyumba alivyofika mlango wa tisa wiki iliyofuata, akahesabu balbu, akatikisa vitasa, akaandika kwamba kioo kimoja cha dirisha kina ufa, na kuuliza mbele ya watoto ni nani aliyekipasua. Mke wa bwana mmoja wa idara ya ramani alikuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake, akaomba radhi, akaendelea kupima. Mama Pacha alimshikia ncha ya kamba ya kupimia. Wakili alipomkuta jioni amekaa juu ya sanduku la vyombo, anatazama shule yake dirishani, aliketi naye, na hawakulaumiana, maana kila mmoja alikuwa ameshajilaumu kivyake.

"Ningelifungua lile daftari," alisema mke.

"Ningeandika mlango wa tisa," alisema mume.

Barua ilifika zikiwa zimebaki siku sita. Ilitoka Visiwa, serikalini, imepigwa muhuri mkubwa kuliko nchi yenyewe, na nakala yake ilikwenda kwa Mwenyekiti wa Tume. Mwanasheria wa serikali wa kule aliandika kwa adabu. Walikuwa wamesoma gazetini, kwenye mahojiano ya Profesa, kwamba katiba yao ina ibara nzuri sana juu ya safari za kiongozi. Waliitafuta wasiione. Walimwuliza waziri wa zamani kuhusu kituo cha basi, akasema visiwani hakuna basi. Hata hivyo ibara ile, baada ya kuisoma, waliipenda, hasa kwa jinsi kiongozi wao anavyosafiri, na sasa walitaka kuiingiza kwenye marekebisho yao. Tatizo lilikuwa moja. Ofisini kwao kuna jedwali la vyanzo, na mkubwa wake amesema ibara isiyo na chanzo ifutwe. Tafadhali, mliitoa wapi? Aliandika kwamba anahitaji jibu upesi, kwa sababu ana familia.

Wakili aliisoma mara tatu. Mara ya tatu macho yalimlowa, akasingizia vumbi la maktaba.

Mwenyekiti wa Tume alipiga simu mwenyewe. Alikuwa na furaha ya kupitiliza. Tangu nchi ipate uhuru, alisema, hii ni mara ya kwanza mtu wa nje kuja kunakili kwetu! Alitaka jibu Ijumaa, lenye chanzo kamili, mahali, tarehe, na saini ya Mkurugenzi.

Jioni hiyo Mkurugenzi alipanda ngazi hamsini na mbili. Hakuwahi kuzipanda. Alifika mlango wa tisa akihema, barua mkononi, akakaribishwa kwenye sanduku lililoandikwa VYOMBO, akaketi.

"Mwalimu," alisema baada ya pumzi kurudi, "nchi ya nje inauliza."

"Nimesikia."

"Nahitaji daftari lile. Na ruhusa ya kulinukuu." Alijifuta paji la uso. "Na Wakili hawezi kuandika jibu hili akiwa ofisi ya kanda. Nimeshamwambia Mwenyekiti kwamba kitengo kinahitaji dawati la kujibu nchi za nje. Wanasheria watabaki watatu. Karani wa nyumba nitamwambia asije tena."

"Na mapazia ya watu?"

"Mapazia yatarudi kwao." Akangoja. "Basi... naliomba hilo daftari."

Mama Pacha alitazama nje ya dirisha. Alitazama mawingu, akachukua muda wake.

"Mkurugenzi," alisema, "kanuni unaijua. Haviombwi ndani."

Kwa hiyo waliteremka. Habari ilikuwa imeshatangulia. Milango ilifunguka ghorofa hadi ghorofa, na walipofika uani familia ishirini na nne zilikuwa zimeshasimama kuzunguka tangi, wengine na taulo mabegani. Mkurugenzi aliomba. Aliomba kwa sauti ya chini, akaombwa arudie kwa ajili ya mlango wa ishirini waliokuwa nyuma, akarudia. Daftari jekundu likafunguliwa juu ya ukingo wa tangi. Wakili aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mashine ya kuandikia magotini, na pacha wake kila upande wakimsomea tarehe.

Aliandika: chanzo, jengo B, mlango wa tisa, Kanuni ya Saba, imetungwa na Mwalimu, mkazi. Aliandika ngazi ni ngapi na siku ni ngapi. Hii ilikuwa kweli tupu, na vidole vyake vilikwenda mbio, kama mtu aliyekuwa amebanwa siku nyingi.

Mkurugenzi alisoma juu ya bega lake, akakohoa. "Suruali si lazima."

"Suruali haimo, Mkuu."

"Vizuri. Ila kwa faida ya hao wenzetu, weka kwamba kanuni ilipotumika mara ya kwanza, mwenyekiti alirudi safari akauomba ufunguo kwa hiari yake, mara tu alipofika."

Wakili aliinua vidole. Alimtazama mkubwa wake, ambaye alikuwa bado hajatia saini. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa ameinamia daftari akitafuta ukurasa.

"Siku ya tatu," alisema Mama Pacha, bila kuinua macho.

Wakili akaandika siku ya tatu.